Nyusi za Shimo la Udongo

Jumatatu, 7 Agosti 1972

Vyungu sita vimekauka vizuri kivulini. Cha saba kimepasuka shingoni. Kosa langu, nilikitoa juani mapema. Nimekitwanga kwenye kinu, vigae vyake nitavichanganya na udongo mwingine. Kwangu hakipotei kitu.

Mdogo wangu Salima alikuja kunisaidia kutwanga, na mwanawe Tatu. Hakutwanga. Alikaa kwenye mkeka akala mihogo yangu yote ya kuchoma huku anacheka peke yake. Nilipomuuliza ana nini akasema ana mimba, miezi mitatu. Mumewe Chande anajua, na mimi ndiye wa pili kuambiwa. Nimefurahi. Nimeona na wivu, niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mimi Mungu hakunipa mtoto, na mume wangu akaona hiyo ni sababu ya kutosha kuhamia Lindi.

Tatu amefinyanga kobe. Amesahau kumtia miguu. Nimesema kobe mzuri.

Jumatano, 9 Agosti

Leo tumeshuka shimoni, wanawake watano. Shimo letu liko ukingoni mwa Ruvuma, chini ya Mahurunga, pale mto unapomega ardhi kila masika na kutuachia udongo mpya. Salima hakuja. Alijisingizia kichwa.

Bibi Fatu ndiye mkubwa wetu sisi wafinyanzi. Ndiye pia kungwi anayewafunda wasichana unyagoni, kwa hiyo hata ukikohoa mbele yake unapata somo. Leo kayarudia masharti yote kana kwamba tumezaliwa jana. Shimoni hakupigwi mluzi. Mwenye mimba hashuki. Na ukimaliza kuchimba, usiondoke ukaacha nyusi.

Nyusi ndivyo tunavyouita udongo wa juu unaobaki ukining'inia baada ya kuchimba kwa ndani. Kabla ya kuondoka lazima tuugonge kwa mipini ya majembe mpaka uporomoke. Kazi ya kuudhi. Unachimba siku nzima, unaufikia udongo safi, halafu unaufunika kwa mikono yako mwenyewe, na kesho unaanza kuzoa kifusi upya. Nilinung'unika. Bibi Fatu akanijibu kwamba aliyekaribishwa nyumba ya watu habomoi ukuta akaacha paa. Wenzangu wakacheka. Nikagonga.

Ijumaa, 11 Agosti

Nimeupata. Nilishuka peke yangu asubuhi, nikachimba kwa ndani zaidi ya pale tulipoishia juzi. Mkanda wa udongo mweusi, mpana kama kiganja changu, laini, bila kijiwe hata kimoja. Ukiuviringisha kidoleni haukatiki. Miaka ishirini nafinyanga sijaushika udongo kama huu.

Najua nitakachoufanyia. Mtungi mkubwa, mamba ameuzunguka tumboni, mkia wake ndio mkono wa kushikia, na mdomoni kashika jembe la mtu. Kila mwaka tunauchukua mto kwa makapu, na kila mwaka wenyewe unachukua mtu wetu mmoja au wawili kule kwenye matete. Nataka anayekunywa maji alitazame jambo hilo. Bibi Fatu atasema mtungi ni wa maji, si wa maneno. Na aseme.

Nyusi sikuziangusha. Zingenifunikia ule mkanda wote, na nilikuwa nimechoka.

Kesho napeleka mitungi ya harusi Mahurunga. Salima kajitolea kwenda kunichimbia kapu moja. Nimemwambia haya, lakini asipitie kwa Bibi Fatu. Habari za mimba na shimo ni maneno ya wazee. Wanawake wangapi wanalima mpunga bondeni mpaka siku ya kujifungua?

Jumamosi, 12 Agosti

Salima amekufa. Shimo limemfunika.

Jumatatu, 14 Agosti

Siwezi kufanya lolote jingine, basi niandike.

Jumamosi narudi kutoka Mahurunga, mitungi imeshuka, kata tupu kichwani, nikakutana na watu wanakimbia kuelekea mtoni. Nikakimbia nao bila kujua nakimbilia nini. Nilipofika Chande alikuwa anachimba kwa mikono. Majembe yalikuwepo pembeni, watu wanampa, hayapokei, anaogopa asimkate. Waliona mguu kwanza.

Tulimzika alasiri ile ile. Mimi na Bibi Fatu na wengine wawili tulimwosha. Udongo ulikuwa masikioni, puani, kwenye kope. Maji yalikuwa yanatoka meusi. Ule mweusi wangu. Niliutambua kwa vidole kabla ya macho.

Chande alikuwa nje ya ukuta wa makuti. Tukamsikia anawaambia wanaume kwamba amepoteza watu wawili, kwamba mkewe alikuwa na mimba. Wanawake wote wakaniangalia mimi, dada mtu. Kisha Bibi Fatu akasema taratibu, bila hasira:

"Nke wa mimba haingii n'shimoni. Tulisema."

Wakaitikia kwa vichwa mmoja baada ya mwingine. Na mimi nikaitikia.

Ijumaa, 18 Agosti

Hitima imepita. Watu wamekula, wamekwenda. Tatu yuko kwangu. Mtoto kwetu ni wa upande wa mama, hakuna aliyeuliza.

Habari imeshafika kila kijiji kuanzia hapa hadi Kitaya. Marehemu alikaidi. Marehemu alijua ana mimba akashuka, na udongo ukamkataa. Wanamsema kisimani huku wanasema Mungu amrehemu. Hata walioletewa samaki na mkono wake wiki iliyopita.

Chande haangalii watu usoni. Wanasema alijua hali ya mkewe na hakumzuia. Jana alikuja akakaa kizingitini, kofia mkononi. Akaniuliza:

"Dada, alitokea kwako. Hukunkataza?"

Nikamwambia nilimkataza. Nikamwambia unamjua Salima alivyo mbishi.

Nimeliandika. Nimelisoma. Mdogo wangu yuko chini ya ardhi siku ya sita na mimi namuongezea mzigo.

Jumatano, 23 Agosti

Tumekwenda shimoni kuomba radhi. Bibi Fatu alimwaga unga wa mtama ukingoni akasema na ardhi kwa Kimakonde cha zamani, kile ambacho hata mimi nakidaka nusu. Akaomba ardhi isitukasirikie sote kwa kosa la mmoja. Akalitaja jina la Salima. Kila mwanamke akamwaga unga wake. Na mimi nikamwaga wangu.

Kifusi bado kipo. Kwenye ukuta wa nyuma, pale nyusi zilipokatikia, makato ya jembe langu yanaonekana. Jembe langu lina pengo kwenye ncha, linaacha mstari katikati ya kila pigo. Mstari upo, mmoja juu ya mwingine. Nikasimama mbele yake kuuziba kwa kanga yangu. Hakuna aliyetazama. Wote walikuwa wanatazama unga.

Chini, nyayo za kiboko zilikuwa zimejaa maji. Mto unapita. Hauna habari. Laiti ungekuwa na chuki na sisi, ningejua pa kwenda kupiga magoti. Huu hauna chuki wala huruma. Tunamwaga unga mbele ya kitu ambacho hakikutuuliza neno.

Jumapili, 27 Agosti

Bibi Fatu alikuja. Nilidhani amejua.

Hakujua. Alileta kuku na maneno mazuri. Katikati ya mwezi ujao wasichana wanaingia unyagoni. Huko wanaonyeshwa sanamu za udongo, kila sanamu na wimbo wake, kila wimbo na funzo lake. Nyoka, kobe, nyumba isiyo na mlango, mimi mwenyewe nimezifinyanga nyingi. Sasa anataka mpya. Mwanamke mwenye mimba, amelala ndani ya shimo. Ili wasichana wetu waone, wasisahau.

"Ufinyange wewe," akasema. "Una n'kono, na ndo nduguyo. Atakuwa amekufa kwa faida."

Alikuwa anamaanisha wema. Machozi yalimtoka. Ndiye aliyemfunda Salima, akambeba mgongoni siku ya kutoka unyagoni. Angekuwa mwovu ningemfukuza.

Nikasema haya. Neno langu hilo. Na Salima nilimwambia haya.

Tatu ana miaka sita. Miaka sita mingine, labda saba, atakaa kwenye mkeka ule. Watafunua kitambaa wamwonyeshe mama yake kama mfano wa ukaidi, na atatakiwa kuimba.

Jumamosi, 2 Septemba

Nilidhani mkono utakataa. Haukukataa.

Nimeanza asubuhi, adhuhuri nimemaliza. Amelala ubavu, mkono mmoja chini ya shavu kama alivyokuwa analala tukiwa wadogo kule ng'ambo, kabla ya kuvuka mto. Tumbo limeinuka kidogo tu. Miezi mitatu. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Naichukia, na nimeizunguka mara kumi kuitazama.

Tatu akauliza, "Mama nkubwa, huyu nani?"

Nikasema mtu tu.

Akaenda akachuma jani la mgomba, akamfunika ili jua lisimpasue. Hivyo ndivyo tunavyofanya kwa vyungu vyote. Hakufanya kwa sababu nyingine. Lakini niliondoka nikaenda kukaa nyuma ya choo mpaka nilipoweza kurudi.

Alhamisi, 7 Septemba

Siku tano nabishana na mtu asiyekuwepo.

Nasema: pengine Bibi Fatu ana haki. Sharti lilivunjwa, mimba ilikuwepo, na mtu amekufa. Mimi ni nani niseme lipi ndilo lililomuua? Halafu nasema: mtu mwepesi angeruka. Mjamzito ana kizunguzungu, alichelewa kuruka, kwa hiyo ni mimba. Maneno matamu hayo. Nimeyalamba wiki nzima.

Udongo hauhesabu miezi ya mimba ya mtu. Udongo una uzito, basi. Nyusi zile zingemwangukia Bibi Fatu mwenyewe na utasa wake wa uzee. Zingeniangukia mimi, kama ningekwenda.

Na mimi na Salima wote wawili tulijua sharti la nyusi. Yeye aliingia bila kutazama juu kwa sababu shimo lilikuwa langu, na hakuna mfinyanzi wa hapa anayeacha nyusi. Aliniamini. Kosa lake ndilo hilo, hana jingine.

Nikisema, nitafukuzwa shimoni. Hilo najua. Bila shimo mimi si mfinyanzi, ni mwanamke mwenye mikono. Na Chande anaweza kumchukua Tatu akampeleka Msimbati kwa dada zake, mila au si mila. Nani atamlaumu? Nisiposema, nitabaki na vyote viwili, na Salima atabaki kwenye ule wimbo.

Nimeandika hesabu hii ili nione aibu. Nimeiona. Bado sijasema.

Jumanne, 12 Septemba

Asubuhi nilikuwa nimekusanya magome na nyasi za kuchomea. Nikamfunua yule mwanamke wa udongo ili nimpange katikati ya moto. Uso ulikuwa umekauka vizuri. Nikaona moto ukipita hapo basi, hatarudi tena kuwa udongo. Itakuwa kweli milele.

Nikamtia kwenye beseni la maji. Udongo mkavu ukiingia majini unatoa sauti ndogo ya kunywa, halafu unalegea wenyewe. Kwanza vidole. Tumbo mwisho. Nilimshikilia mpaka akaisha. Nililia kwa sauti, majirani walikuja wakadhani ni msiba wa kawaida.

Kwa udongo ule ule nimeanza upya. Shimo, na juu yake nyusi zinaning'inia, nene, na mizizi yake. Ndani hakuna mtu. Nje ya shimo yupo mwanamke anaondoka zake, jembe begani, kapu limejaa, hageuki nyuma. Sura nimeweka yangu. Hata kovu la kidevuni nimelitia, na pengo kwenye ncha ya jembe, nilitoboa kwa mwiba.

Nyusi zilikuwa kazi ngumu. Udongo mbichi hautaki kuning'inia, unaanguka. Niliuegemeza kwa vijiti mpaka ulipokaza. Mara mbili uliniangukia vidoleni.

Jumapili, 17 Septemba

Nimesema.

Nilichoma juzi. Sanamu imetoka na doa jeusi la moshi ubavuni, nyusi zimesimama. Leo asubuhi nimeifunga kwenye kanga nikaipeleka kwa Bibi Fatu. Wafinyanzi wote walikuwepo, wanasaga unga wa shughuli. Nilitaka kumwambia yeye peke yake. Nikaona hapana, Salima amesemwa mbele ya wote.

Nikafunua. Wakatazama. Mmoja akauliza mwenye mimba yuko wapi. Nikasema hayumo. Nikasema aliyemuua Salima ni huyu hapa mwenye jembe, siku ya Ijumaa, kwa kuacha nyusi kwa sababu ya uroho wa udongo. Nikawaambia juu ya mkanda mweusi. Nikawaambia nilikuwa najua hali yake na nikamwambia asipitie kwa Bibi Fatu. Nikawaambia nilimdanganya Chande. Nilisema yote kwa sauti ya mtu anayesoma daftari, sikuweza kwa nyingine.

Jiwe la kusagia likasimama. Mama Rukia, niliyesoma naye kisomo cha watu wazima dawati moja, akainuka akaondoka bila kuniangalia. Bibi Fatu alikuwa ameishika sanamu, anaigeuzageuza, kidole chake kiko chini ya nyusi.

"Na mimba?" akauliza.

"Mimba ilikuwepo," nikasema. "Haikuwa mimba iliyoanguka."

Akaonekana mzee ghafla. Kisha akasema sanamu ataichukua, na atatunga wimbo wake. Na mimi nikae nyumbani. Unyagoni nisije. Shimoni nisishuke, si mwaka huu wala mwingine. Akalisema bila ukali, kama mtu anayefunga mlango kwa sababu mvua inaingia.

Nikamwomba kitu kimoja tu, kwamba jina la Salima lisitajwe. Akaifunika sanamu kwa kitambaa, akarudi kwenye jiwe la kusagia.

Jumatano, 20 Septemba

Arobaini ya Salima. Nilipika tangu alfajiri. Watu walikuja kwa heshima ya marehemu, wakala wamenipa mgongo. Wanaume wa Mahurunga hawakugusa maji ya mtungi wangu, walitumwa watoto kisimani.

Chande alikuja mwisho. Alikuwa ameshasikia. Sikumpa nafasi ya kuuliza, nikamwambia mwenyewe, mlangoni, uso kwa uso, tangu mwanzo. Nilikuwa nimejitayarisha kupigwa. Nadhani nilitaka kupigwa.

Hakunipiga. Alitazama chini, akasema:

"Siku arobaini nimekasirika naye kaburini. Sikwenda hata kung'oa majani. Ungesema siku ile ile."

Nikamwekea sahani ya chakula.

Nikamuuliza juu ya Tatu. Akasema Tatu ni wa kwenu, atakaa kwenu, ndiyo mila, yeye si mtu wa kuvunja masharti. Lakini yeye mwenyewe, mguu wake hapa kwangu ndio basi. Sahani yake aliiacha ilivyo. Baadaye nilimwona kwa mbali, anapanda njia ya makaburini na panga mkononi, kwenda kufyeka.

Jumanne, 3 Oktoba

Joto. Mikorosho imeanza kudondosha. Tumeokota tangu asubuhi, mimi na Tatu, mimi naokota na yeye anakula mabibo mpaka kanga imejaa madoa. Mikono yangu imeanza kubabuka kwa utomvu. Nimezoea ngozi ya udongo, hii ni ngozi ya mtu mwingine.

Wafinyanzi wamerudi shimoni wiki iliyopita. Tatu alikutana nao kisimani, wakambebea ndoo. Wanampenda. Kwake hawana neno.

Mchana alikuwa anachekecha unga uani huku anaimba. Wimbo mpya. Ndio wanaouimba sasa wakati wa kuangusha nyusi, kwa mapigo ya mipini. Unasema Binti Issa kaenda zake, kaacha nyusi juu, gonga mwenzangu, gonga kabla hujaondoka. Binti Issa ni mimi. Nikasikiliza kwa hofu beti zote tatu. Jina la Salima halimo.

Aliponiona nimesimama mlangoni akanyamaza. Akashika chekeche kwa mikono miwili, macho chini. Kumbe anajua Binti Issa ni nani.

Nikamwambia aendelee. Akaanza polepole, halafu akauimba wote mpaka mwisho. Nikakaa karibu naye nikachambua mchele.